Tapeti Ikifa, Tafuta Kilichoiua

Kila alfajiri pikapu nyingi hupita barabara ya Kilwa zikitoka Mkuranga na Kibiti. Zinakuja Mbagala na Temeke na muhogo, nazi na matunda. Nyingine hushuka barabara ya Bagamoyo kuja Tegeta na Mwenge. Pikapu ikilala gereji siku 3, muhogo unaharibika na fedha ya ada za watoto inapotea. Ikirudi gereji kwa ugonjwa ule ule baada ya mwezi, mwenye gari anaingia kwenye deni.

Upo ugonjwa mmoja ambao hurudi hivyo mara nyingi. Ni ugonjwa wa tapeti. Leo, ndugu msomaji, tutaeleza tapeti ni nini, inakufaje, na inabadilishwaje. Hata kama wewe siyo fundi, ni vizuri ujue unacholipia.

Tapeti inafanya kazi gani?

Ndani ya injini kuna chuma kirefu chenye nundu nundu. Kinaitwa kamshafti. Kinazunguka wakati wote injini inapofanya kazi. Katika injini tunazozieleza hapa, juu ya kila nundu imekaa tapeti. Ni chuma kidogo cha mviringo, kinaenea kiganjani.

Nundu ikipanda, inainua tapeti. Tapeti inasukuma fimbo ndefu. Fimbo inasukuma roka. Roka inafungua valvu. Valvu ni kama mlango wa silinda. Mmoja unaingiza hewa na petroli, mwingine unatoa moshi.

Tapeti ziko za namna mbalimbali. Injini za petroli za Toyota 2Y, 3Y na 4Y zilifungwa katika Hilux na Hiace nyingi kuanzia miaka ya 1980. Injini hizo zina tapeti za oili. Ndani ya tapeti mna pistoni ndogo na springi. Oili ya injini inaingia kwa tundu dogo, inaijaza tapeti na kuziba nafasi yote. Kwa hiyo tapeti hizi zinajirekebisha zenyewe.

Injini za dizeli za Toyota 3L na 5L ni tofauti. Hizo zina visahani vya chuma, na nafasi yake hupimwa kwa kipimo chembamba. Zikigonga, huenda zinahitaji kupimwa na kurekebishwa tu. Basi, kabla hujanunua kitu chochote, uliza: injini yangu ni ya namna gani?

Dalili za ugonjwa

Tapeti iliyochoka inagonga juu ya injini: ta-ta-ta-ta. Ukikanyaga mafuta, mlio unakwenda mbio. Wakati mwingine injini inatetemeka na gari linakosa nguvu mlimani, kwa sababu valvu haifunguki sawasawa.

Mlio ukisikika asubuhi kwa sekunde chache kisha ukapotea, usiogope. Oili ilikuwa imeshuka usiku. Lakini mlio usioisha hata injini ikipata moto ni ugonjwa. Na mlio mzito unaotoka chini ya injini ni hatari zaidi. Taa ya oili ikiwaka wakati gari linatembea, hali ni hiyo hiyo. Zima injini papo hapo. Usiseme, "Nitafika tu Mbagala."

Kwa nini tapeti inakufa?

Mara nyingi muuaji ni oili. Oili ikipungua, tapeti inabaki tupu. Oili ikizeeka, inakuwa tope na kuziba lile tundu dogo. Oili nyepesi mno haina nguvu ya kuikinga tapeti na nundu visisagane. Pampu ya oili iliyochoka nayo haipandishi oili ya kutosha.

Sasa tuchukue mfano. Mzee mmoja analeta pikapu yake gereji huko Tandika.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Gari linagonga. Nibadilishie hiyo tapeti moja tu, hela sina."

"Mzee, tapeti moja naweza kubadilisha. Lakini kama nundu imeliwa, hiyo mpya nayo italiwa. Kwanza tuitazame oili."

Fundi huyu anasema kweli. Tapeti na nundu husuguana siku zote. Tapeti ikiharibika uso, inaila nundu. Nundu iliyoliwa nayo inaila tapeti mpya. Unga wa chuma unasambaa ndani ya oili na kwenda kuharibu sehemu nyingine. Hapo ndipo gari linaporudi gereji, na mwenye gari na fundi wanagombana.

Kazi inavyofanywa

1. Injini ipoe. Waya wa hasi wa betri ufunguliwe.

2. Oili imwagwe kwenye beseni safi. Itazameni pamoja juani. Ikimetameta kama ina unga wa chuma, kuna kitu kinasagika ndani.

3. Kava ya juu ifunguliwe. Nati za roka zilegezwe kidogo kidogo, zote kwa zamu. Ukifungua upande mmoja tu, chuma kinapinda.

4. Fimbo zitolewe na kupangwa kwa namba. Chukua boksi la karatasi ngumu, toboa matundu 8, andika 1 mpaka 8. Kila fimbo irudi mahali pake. Izungushe juu ya kioo. Ikiyumba, imepinda.

5. Tapeti zitolewe. Katika injini nyingine lazima hedi ifunguliwe, nyingine hazihitaji. Fundi afuate kitabu cha injini hiyo. Tazama uso wa chini wa kila tapeti. Ukiwa laini, ni mzuri. Ukiwa umebonyea kama kisahani, au una vidonda, imekufa.

6. Nundu za kamshafti zikaguliwe zote. Nundu moja ikiwa fupi kuliko wenzake, kamshafti ibadilishwe pamoja na tapeti zote. Usiweke tapeti za zamani juu ya kamshafti mpya.

7. Tapeti mpya zilowekwe katika oili safi na kubonyezwa mpaka hewa itoke. Zipakwe oili kabla ya kuingizwa.

8. Kama hedi ilifunguliwa, gasketi iwe mpya. Bolti zikazwe kwa awamu, kuanzia katikati kwenda nje, kwa spana ya kipimo.

9. Filta mpya na oili mpya ziwekwe. Kisha injini izungushwe kwa stata bila kuwaka, kidogo kidogo, mpaka taa ya oili izimike. Baadaye iwashwe. Tapeti zinaweza kugonga dakika chache mpaka zijae.

Magari mapya ya nje

Huko Marekani kuna pikapu zenye tapeti za ajabu zaidi. Chevrolet Silverado ya 2007, kwa mfano, iliweza kupata injini ya silinda 8 inayozima silinda 4 mzigo ukiwa mwepesi, ili kuokoa petroli. Ndani ya tapeti za silinda hizo mna pini. Oili ikisukumwa humo, pini inaachia, na valvu haifunguki. Ni akili kubwa. Lakini baadhi ya tapeti hizo hukwama au huharibika na kuila kamshafti, na hedi lazima zifunguliwe ili kuzibadilisha. Kumbe wenye magari mapya nao wana tatizo kama la mzee wetu wa Tandika! Dawa ni ile ile: tazama oili, tazama kamshafti, ndipo ununue tapeti.

Linda fedha yako

Pima oili kila asubuhi kwa kile kijiti, gari likiwa limesimama mahali tambarare. Badilisha oili na filta kwa wakati, kufuata kitabu cha gari. Usinunue oili ya chupa iliyofunguliwa.

Ukienda Kariakoo au Ilala kununua spea, chukua namba ya injini na tapeti moja ya zamani. Uliza bei maduka matatu. Dai risiti. Mwambie fundi akurudishie vyuma vyote vya zamani, hata vibovu. Ukiviona kwa macho, utajua umelipia nini.

Kama kikundi chenu kina pikapu, nunueni daftari. Andikeni tarehe ya kubadilisha oili na kilomita zilizosomwa. Wewe uliyejifunza kusoma na kuandika, kazi hiyo unaiweza. Mstari mmoja wa daftari unaweza kuokoa injini nzima.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini haitoshi kubadilisha tapeti moja iliyokufa bila kukagua nundu?

2. Tutajuaje kuwa oili imechoka?

3. Nani katika kikundi chetu atashika daftari la gari?