Je, Wajua? Ulanzi, Divai ya Nyanda za Juu Kusini

Je, wajua kuwa Iringa ina divai isiyohitaji hata punje moja ya zabibu? Ni ulanzi, na shamba lake ni kichaka cha milanzi, mianzi inayogemwa utomvu, kando ya nyumba.

Je, wajua kuwa mlanzi ni wa jamii ya nyasi, ukoo mmoja na mahindi na muwa? Wataalamu wa mimea huuita Oxytenanthera abyssinica. Unamea katika nchi nyingi za Afrika, ila kwa Wahehe na Wabena, wenyeji wa nyanda hizi, ugemaji wake ni ufundi wa kurithishana.

Je, kila mwanzi hugemwa? Hapana. Panda Mlima Rungwe kule Mbeya, utapita katikati ya msitu wa mianzi ya milimani yenye uwazi ndani ya shina. Huo si wa ulanzi. Shina la mlanzi limejaa, au karibu kujaa.

Je, wajua mgema hufanyaje? Masika yakishika, machipukizi huchomoza kwa kasi. Mgema huchagua chipukizi changa, hukata ncha yake, kisha hutega mbeta, yaani kipande cha mwanzi kilichozibwa chini na pingili lake. Utomvu hudondoka humo. Asubuhi na jioni hurudi kukwangua upya pale alipokata, kwa sababu kidonda kikikauka, utomvu hukoma. Hatii hamira. Chachu ya asili iliyoko hewani na ndani ya mbeta hula sukari ya utomvu na kuanza kuifanya kileo siku ileile. Ndiyo maana ulanzi wa asubuhi ni mtamu hata mtoto angeutamani, na wa kesho yake ni mkali.

Je, wajua kuwa chipukizi lililogemwa halitakuwa tena boriti wala ngazi? Kila msimu mwenye kichaka huamua: yapi ayageme, yapi ayaache yarefuke. Kwangu mimi, hapo ndipo mkulima wa milanzi anapolingana na mkulima wa zabibu anayepogoa mizabibu yake. Ubora huanzia kwenye kisu.

Je, wajua kuwa rangi ya divai nyekundu hutoka kwenye ganda? Juisi ya zabibu nyingi nyekundu haina rangi. Hulowekwa pamoja na maganda. Ulanzi hauna ganda la kuukopesha rangi, hivyo hubaki mweupe wenye ukungu.

Je, wajua kuwa Dodoma huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka? Zabibu nyekundu maarufu ya huko imechukua jina la eneo la Makutupora. Ulanzi una msimu mmoja mkubwa, wa mvua, na kiangazi huadimika.

Je, divai ya akiba hukaa muda gani? Kule Rioja, Hispania, sheria inataka divai nyekundu ya daraja la Reserva ikae angalau miaka 3, mmoja kati yake ndani ya pipa. Ulanzi hauwekeki hivyo. Ukicheleweshwa siku chache huwa siki. Anayetaka kuujua lazima aufuate kwao, mvua ikinyesha. Naamini hiyo ni heshima yake.

Je, unasafiri na dumu la ulanzi? Legeza kifuniko. Bado unachacha, na gesi yake inaweza kulipasua.