Plagini imeondoka, tafsiri zimebaki: namna ya kusafisha tovuti bila kupoteza Kiswahili chenu

Chukua mfano wa chama cha wamama pale Cimpunda, katika mtaa wa Kadutu, mjini Bukavu. Chama kina tovuti ndogo iliyojengwa na WordPress. Ndani yake kuna fomu ya kujiandikisha. Kijana mmoja wa chama alikesha siku nyingi akitafsiri kila neno la fomu hiyo kwa Kiswahili, ili mama asiyesoma Kifaransa aweze kuijaza ku simu yake. Leo chama kinataka fomu nyingine. Kijana anatoa plagini ya zamani, kisha anakuta faili za tafsiri zingali pale. Azifute zote? Akikosea hapo, kazi ya siku nyingi inaenda kwa dakika moja.

Kwa nini faili zinabaki?

Plagini, ile ambayo wengi hapa wanaita ekstensio, ni kiprogramu kinachoongezwa ku tovuti ili ifanye kazi mpya: fomu, picha, mauzo na kadhalika. Kila plagini iko na folda yake. Lakini tafsiri ambazo WordPress inaleta yenyewe kutoka intaneti hazikai ndani ya folda hiyo. Zinawekwa pembeni, katika wp-content/languages/plugins. Ni kama mpangaji mwenye kuwekesha vitu vyake kwa jirani: siku anahama, chumba kinabaki wazi, lakini vitu vingali kwa jirani.

Mtu akifuta plagini kwa njia ya kawaida, ndani ya WordPress, tafsiri hizo nazo zinafutwa. Zinabaki hasa pale mtu anapoingia moja kwa moja ku seva na kufuta folda ya plagini kwa mkono. WordPress haijui kwamba plagini imehama, kwa hiyo haigusi vitu vilivyo kwa jirani.

Je, zinaleta hasara?

Haziharibu tovuti, wala haziifanyi iwe nzito. WordPress haisomi tafsiri ya plagini ambayo haiko. Lakini zinachukua nafasi, na watoa huduma wengi wanaweka mpaka wa hesabu ya faili ambazo tovuti inaweza kuwa nazo. Tena, kila mara unaposhusha nakala ya tovuti nzima, faili hizo zinashuka pamoja nayo, na mega zako ndizo zinalipa. Na ukirudisha plagini ile siku nyingine, tafsiri ya zamani inaweza kutumika mbele ya ile mpya: neno moja Kifaransa, lingine Kiingereza, mpaka tafsiri zisasishwe.

Namna ya kuzitambua

Jina la faili linaanza na jina la folda ya plagini, kisha linafuata alama ya lugha: fr_FR kwa Kifaransa, sw kwa Kiswahili. Kwa mfano, contact-form-7-fr_FR.mo ni tafsiri ya Kifaransa ya plagini ya Contact Form 7. Faili yenye kuishia na .po ndiyo mtu anaweza kufungua, kusoma na kusahihisha. Ile ya .mo imetengenezwa kwa ajili ya mashine. Kuna pia za .json, na tangu WordPress 6.5 ya mwaka 2024 kuna zile za .l10n.php.

Angalia vizuri majina yanayofanana. Mtu anayefuta kila kitu chenye kuanza na woocommerce atafuta pia woocommerce-payments, na hiyo ni plagini nyingine ambayo labda ingali inafanya kazi.

Kazi yenyewe, hatua kwa hatua

Kwanza, kabla ya kufuta plagini, shusha nakala ya folda yote ya languages. Iweke ku ordinateri ao ku simu.

Pili, tafuta tafsiri mliyofanya wenyewe. Ikiwa mlitumia Loco Translate, inaweza kuwa ndani ya languages/loco, na hiyo haifutwi pamoja na plagini. Lakini ikiwa mliihifadhi ndani ya folda ya plagini yenyewe, ao kati ya tafsiri za kawaida, itaenda pamoja nayo. Ile faili ya .po ndiyo mali yenu.

Tatu, ingia katika «Extensions», bonyeza «Désactiver», kisha «Supprimer». Kuzima tu hakufuti kitu.

Nne, fungua wp-content/languages/plugins kupitia kurasa ya mtoa huduma wako. Ukikuta mabaki, linganisha majina na orodha ya plagini ulizo nazo, na ufute moja moja yale tu ya plagini iliyoondoka. Kazi hii haina haraka. Hata umeme ukikatika katikati, utajua umefikia wapi.

Usifute folda nzima ya languages. Ndani yake kuna pia faili kama fr_FR.mo na admin-fr_FR.mo, ambazo ni tafsiri ya WordPress yenyewe. Zikienda, menyu zote zitakuja kwa Kiingereza.

Na ukikosea?

Kifaransa kinarudi. Ingia katika mipangilio ya jumla, chagua tena Kifaransa kama lugha ya tovuti, hifadhi. WordPress itakishusha upya. Kwa plagini zilizobaki, nenda katika «Mises à jour», bonyeza «Mettre à jour les traductions».

Lakini Kiswahili ambacho kijana wa chama alikiandika mwenyewe hakiko popote pengine. Hakuna seva ya mbali itakayokirudisha. Kwa hiyo ile faili ya .po iwekwe pahali pawili: moja ku ordinateri ya chama, nyingine kwa mwanamemba mwingine, hata ndani ya barua pepe yake. Fomu mpya ikifika, maneno mengi yatakuwa yale yale: jina, kata, namba ya simu. Kijana atafungua faili ya zamani, atayachukua, na hatahitaji kukesha tena.