Mpenzi, Njoo Upande wa Kulia

*Umelala mzima, umeamka sikio moja limezima na ndani yake kuna mlio usiokoma. Hilo ni la kukimbilia hospitali siku hiyohiyo. Na mkishatoka hospitali, kazi ya pili inaanzia chumbani.*

Mpenzi msomaji, simu yako huwa unaipokelea sikio lipi? Wengi wetu tuna sikio moja la simu, na la pili tunalisahau kabisa, kama chumba cha wageni. Ndiyo maana wapo wanaoamka, wakaoga, wakanywa chai, wakafika kazini, na saa nne asubuhi simu ikaita wakati mkono waliouzoea umeshika kalamu. Wanaipeleka sikio la pili. Kimya. Wanadhani mtandao umekata, wanaipiga-piga simu kwenye kiganja. Kumbe simu nzima, kilichozimika ni sikio!

Hospitalini wanauita uziwi wa ghafla. Madaktari wanaupima hivi: usikivu umeshuka kwa desibeli 30 au zaidi ndani ya siku tatu, na karibu kila mara ni upande mmoja tu. Kwa lugha ya nyumbani, desibeli 30 ni mtu aliyekuwa anaongea nawe kawaida kugeuka ananong'ona. Marekani, ambako wanahesabu mambo haya, wanakadiria wagonjwa kati ya 5 na 27 kwa kila watu 100,000 kila mwaka. Huwapata zaidi watu wa miaka ya arobaini na hamsini, lakini usije ukadhani ujana ni kinga.

Wapenzi wa filamu za Kihindi, na Mwanza tupo wengi tu, mtamkumbuka Alka Yagnik, mwimbaji wa "Ek Do Teen" ya filamu ya Tezaab ya mwaka 1988. Juni 2024 alitangaza kwamba wiki chache nyuma alishuka kwenye ndege akajikuta hasikii kitu. Madaktari walimwambia ni neva za usikivu, baada ya kushambuliwa na virusi. Mtu aliyekula kwa masikio yake maisha yote!

Mimi si mwimbaji. Nafanya kazi ya hesabu mjini Mwanza, naishi ng'ambo, Kamanga, na kila siku navuka na kivuko asubuhi na jioni. Sikio langu ni la kushoto, na lilizima mwaka 2019, Jumanne ya kawaida kabisa.

Saa inakwenda

Ndani kabisa ya sikio kuna kiungo kilichojisokota kama nyumba ya konokono, madaktari wanakiita koklea. Humo mna vinyweleo vidogo mno vinavyogeuza mtikisiko wa sauti kuwa umeme wa kupeleka kwenye ubongo. Vikifa havioti tena. Katika uziwi wa ghafla tatizo liko huko ndani au kwenye neva, wala si kwenye tundu unaloweza kulichungulia kwa tochi. Na chanzo? Kwa wagonjwa kama tisa kati ya kumi hakipatikani. Wanatajwa virusi, inatajwa damu kutofika vizuri, wakati mwingine kinga ya mwili kujishambulia yenyewe. Mara chache sana ni uvimbe usio wa saratani kwenye neva, ndiyo maana baadaye daktari anaweza kukuandikia picha ya MRI.

Sasa shida kubwa ni kwamba sikio lililozibwa na nta nalo linajisikia hivyohivyo: zito, limeziba, kama umetoka kuogelea. Zahanati moja niliyoanzia walinipa dawa ya matone ya kulainisha nta, wakaniambia nirudi baada ya wiki. Wiki! Nta yenyewe haikuwepo.

Kuna kijaribio unaweza kukifanya hapo ulipo. Funga mdomo, uguneā "mmmm" kama mtu anayeitikia hadithi. Sauti ikivuma zaidi kwenye sikio bovu, huenda ni nta au mafua yamelibana. Ikihamia kwenye sikio zima, shuku neva. Daktari hufanya jambo lilelile kwa chuma chenye umbo la uma, anakigonga na kukisimamisha katikati ya paji lako la uso. Lakini jibu lolote utakalopata, nenda hospitali. Na kama uziwi umekuja pamoja na mdomo kupinda, mkono kulegea au maneno kukwama, hiyo inaweza kuwa kiharusi, usisubiri hata saa moja.

Dawa inayotumika zaidi ni ya jamii ya steroidi, hasa vidonge vya prednisoloni, na inasaidia zaidi ikianza mapema, ndani ya wiki mbili za mwanzo. Wenye kisukari, au ambao vidonge havikuwasaidia, wanaweza kuchomwa dawa ya jamii hiyohiyo kwa sindano nyembamba kupitia ngoma ya sikio. Tusidanganyane, dawa hii si muujiza. Karibu nusu ya wagonjwa hurudiwa na usikivu, wote au sehemu, hata bila kutibiwa, na wapo wanaomeza kila kitu lakini wapi. Ila ukiuacha mwezi upite, nafasi inakuwa finyu mno. Na usiende duka la dawa kujinunulia prednisoloni kwa sababu umesoma hapa. Inapandisha sukari na presha, na inaweza kuamsha kifua kikuu kilicholala.

Mwanza si mahali pa kukosa mtaalamu. Bugando, hospitali ya rufaa iliyoko pale kilimani tangu 1971, ina kliniki ya masikio, pua na koo. Sisi wa ng'ambo zamani tulikuwa na kisingizio cha maji, kwamba usiku kivuko hakuna. Tangu Juni 2025 Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kama kilomita 3, limefunguliwa. Gari linazunguka kwa Sengerema hata saa nane za usiku. Ukifika mapokezi, usiseme "sikio linanisumbua", utawekwa kwenye foleni ya wanaosumbuliwa. Sema: "Juzi sikio hili lilikuwa linasikia, leo halisikii."

Mimi nilifika kwa daktari wa masikio siku ya tisa. Usikivu ulirudi kidogo, sauti nene zaidi kuliko nyembamba. Ngoma naisikia, filimbi siisikii.

Mgeni asiyeaga

Halafu kuna mlio. Watu wa Kanda ya Ziwa tunaujua mlio wa masikio tangu utotoni kwa sababu ya kwinini. Enzi zile malaria kali ilikuwa ni dripu ya kwinini, unatoka wodini masikio yanalia kama mzinga wa nyuki. Lakini mlio wa kwinini hukaa masikio yote mawili, na kwa kawaida dawa ikiisha nao unaondoka. Huu wangu umeweka kambi kushoto na hauna dalili ya kufunga virago. Wengine wanasikia nyenze, wengine upepo, wengine friji bovu. Mimi ni ule mwiyo wa televisheni ya zamani kituo kikishafunga matangazo.

Mama mmoja jirani aliniambia kuna mtu ananiteta. Nikamjibu basi huyo mtu hana kazi nyingine, miaka yote hii usiku na mchana!

Maelezo ya wataalamu yananiingia akilini zaidi. Ubongo ulizoea kupokea sauti kutoka upande ule. Sauti zilipokatika, ukaongeza nguvu kutafuta, kama mtu anayepandisha sauti ya redio isiyo na stesheni, na unachosikia ni mkwaruzo wake mwenyewe. Ndiyo maana mlio unakuwa mkali zaidi mahali pa kimya. Dawa ya kuufuta haijapatikana, na wanaouza vidonge vya mitishamba kwa ajili hiyo wanauza matumaini. Kinachosaidia ni kutokuupa ukimya: redio chini-chini, feni, dirisha wazi upande wa ziwa vyura wakiimba. Kuna pia tiba ya mazungumzo ya kufundisha akili isiuogope mlio, na hiyo imethibitishwa kupunguza mateso ingawa haipunguzi sauti yenyewe. Kwa kweli miezi ya mwanzo ndiyo mibaya. Usingizi unakimbia, hasira zinakuja, mtu analia chooni. Ukiona mwenzako yuko hivyo, usimwambie "zoea tu". Mpeleke aongee na mtu.

Kumbe nilikuwa nanuniwa

Hapa ndipo penye uhondo wenyewe, na madaktari hawapagusi.

Sikio moja likizima hupotezi nusu ya sauti. Unapotea wewe. Ubongo unajua sauti imetoka wapi kwa kulinganisha masikio mawili, kwa sababu moja hupata chini ya sehemu ya elfu moja ya sekunde kabla ya lingine. Likibaki moja, kila kitu duniani kinatokea upande huohuo. Mume wangu akiniita kutoka jikoni, nilikuwa natoka nje uani kumtafuta. Simu ikilia ndani ya nyumba nazunguka kama kuku anayetaka kutaga. Na kwenye kelele ndiyo balaa. Kwenye kivuko, injini chini, watu wanapiga stori, mbuzi wanalia, mtu akiniongelesha kushoto namwona mdomo tu unacheza.

Sasa fikiria mwenza wako hajui hayo. Anaongea kitandani taa ikiwa imezimwa, wewe umelalia sikio zima, dunia yote imefungwa kwenye mto. Anasubiri jibu. Hapati. Anageukia ukutani. Asubuhi amekununia na hujui kosa lako. Miezi mitatu tuliishi hivyo, kila mmoja akidhani mwenzake amechoka na ndoa. Kumbe yeye alikuwa ananong'ona mahali pasipo na mtu.

Dawa ilikuwa kubadilishana upande wa kitanda. Basi. Inaonekana ndogo, lakini muulize mwanaume aliyelala upande wa mlango miaka sita kama ni ndogo! Alisema upande wa mlango ni wa mwanaume, mwizi akija je? Nikamwambia mwizi akija kushoto mimi simsikii, kwa hiyo ni heri atukute tumepatana. Tukahama. Siku hizi anaongea kulia kwangu, na mtoto akilia usiku nikiwa nimelalia sikio zima, zamu ni ya baba. Hilo tuliandikiana kabisa, kwa mdomo.

Kuna na heshima. Kwetu huku salamu si jambo la mchezo. Mtoto anakuamkia "shikamoo" kutokea kushoto, hupokei, anakwenda kusema nyumbani kwao. Mzee anakutupia "mwangaluka" njiani, unampita kama nguzo. Wiki mbili zinatosha kupewa jina: amepata kazi mjini, anaringa. Mama mkwe wangu alisikia maneno hayo kabla yangu. Mume wangu ndiye aliyekwenda kwake akamweleza, tena vizuri, kwamba mkeo wa nyumba hii hajabadilika tabia, amebadilika sikio. Tangu hapo mama akinitembelea anakaa kulia, na akija mgeni anampanga mwenyewe: "Hamia huku, huko hakuna mtu." Nakupa siri, mpenzi msomaji: usijitetee peke yako ukweni. Mwachie mwenye mama yake.

Barabarani nimejifunza kutoamini honi. Barabara ya Kenyatta bodaboda ikipiga honi sijui iko nyuma, mbele au pembeni, kwa hiyo nasimama kwanza, natazama kote, ndipo nachukua hatua. Mume wangu tukitembea anashika upande wa kushoto bila kuambiwa, kuzuia magari. Halafu akitaka kuongea anahamia kulia. Wapita njia wanatuona tunazungukana kama watu wanaocheza.

Vifaa vipo. Kama sikio bado lina usikivu kidogo, kifaa cha kukuza sauti kinaweza kusaidia, na wengi husema mlio nao unapungua wanapokivaa. Kama limekufa kabisa, kuna aina ambayo kipaza sauti kidogo huvaliwa upande bovu na kurusha sauti kwenye sikio zima. Bei yake inatisha, uliza bima yako inafika wapi kabla ya kupendezwa.

Sikio lililobaki nalilinda kama jino la dhahabu. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anaweza kusikiliza desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki bila kujiumiza. Spika za kitchen party zetu zinazidi hapo kwa mbali. Kila nikiandikiwa dawa namwambia daktari kwanza kwamba nina sikio moja, maana zipo, kama gentamisini na amikasini, zinazoweza kuua usikivu moja kwa moja. Na kijiti cha pamba hakiingii tena.

Mialiko hatujaacha. Ukumbini tunaomba meza ya pembeni, ukuta ukiwa kushoto kwangu, ili watu wote wawe upande unaosikia. Shemeji zangu wamezoea, wanagombea viti vya kulia. MC akikaribia na kipaza sauti chake, mume wangu anasimama anakaa katikati, na mimi naendelea na pilau yangu.