Pitimosi ina gharama isiyoandikwa kwenye gunia

WENYE vitalu vya nyanya na pilipili hoho wanaijua pitimosi, ule "udongo" mwepesi wa kahawia unaojazwa kwenye trei za miche na kuagizwa kutoka ng'ambo.

Kwa kweli si udongo. Ni mabaki ya sfagnamu, mmea mdogo usio na mizizi unaoota kwenye vinamasi vya nchi za baridi. Ukiwa hai hufyonza hewa ya ukaa. Ukifa hauozi upesi, kwani huzama katika maji yenye uchachu na oksijeni kidogo. Mabaki hurundikana takriban milimita moja kwa mwaka. Tabaka la mita moja huchukua karibu miaka 1,000.

Ardhi ya vinamasi vya namna hii ni asilimia 3 tu ya nchi kavu duniani, lakini imehifadhi kaboni nyingi kuliko miti ya misitu yote.

Kinamasi kikikaushwa ili kichimbwe, hewa huingia, mabaki huoza na kaboni hurudi angani. Mwaka 2021, kampuni ya Bord na Móna ya Ireland ilitangaza kuacha uchimbaji huo.

Kwa mkulima wa Afrika Mashariki, mbadala uko Pwani: makumbi ya nazi yaliyosagwa. Yaoshwe kwanza kwa maji baridi kuondoa chumvi, la sivyo miche itaungua.