Hadithi za mapenzi Arusha zahamia simuni

Ni Julai, Mlima Meru hauonekani kwa wingu, na muuza vitabu wa kando ya barabara karibu na Mnara wa Saa amevaa koti zito na kofia ya sufu. Juu ya turubai lake kuna vitabu vya kiada, Biblia, vitabu vya mbinu za kutajirika, na pembeni safu ya riwaya nyembamba za Kiingereza. Kwenye majalada yake wapenzi wawili wamesimama ufukweni, jua linazama. Nilifungua moja nikakuta kipande cha pasi ya kupandia ndege, kimebaki katikati ya kurasa pale msomaji alipoishia.

Kitabu kile kimesafiri kama bidhaa nyingine za mtumba. Juni hadi Oktoba ni msimu wa wageni kwetu, na Ulaya na Marekani ni kiangazi, wakati ambao wachapishaji wa huko hutoa kwa wingi riwaya nyepesi za mapenzi kwa ajili ya watu walio likizoni. Mills & Boon, kampuni iliyoanzishwa London mwaka 1908, imejenga jina lake kwa hadithi za namna hiyo. Mgeni husoma njiani, begi likimlemea anakiacha hotelini, na baada ya muda kinaonekana barabarani. Gharama ya karatasi, uchapaji na mhariri ililipwa zamani, tena na mtu mwingine. Mchapishaji wa Kiswahili atashindana vipi na bei hiyo?

Wanunuzi, kwa maelezo ya muuzaji, ni wanafunzi wa vyuo, wahudumu wa hoteli na vijana wa utalii wanaonoa Kiingereza chao. Nilipomuuliza za Kiswahili alitoa mbili tu kutoka ndani ya boksi, zimechakaa hadi pembe zimeviringika. Alisema hizo hazikai, ila akishaziuza hajui atapata wapi nyingine. Kwa mfanyabiashara yeyote, bidhaa isiyokaa na isiyo na msambazaji ni habari kubwa.

Na huu ni mji uliowahi kuwa na shirika lake la uchapishaji. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania ilirithi sehemu yake ya shughuli za uchapishaji za Jumuiya, na Eastern Africa Publications ikawa na makao hapa Arusha. Riwaya ya Gamba la Nyoka ya Euphrase Kezilahabi ilitoka humo mwaka 1979. Dar es Salaam nako akina Kajubi Mukajanga na Ben Mtobwa waliandika riwaya za mapenzi na za upelelezi kwa wasomaji wa kawaida, watu wasiosubiri kutahiniwa ndipo wasome. Baadaye magazeti ya Global Publishers ya Eric Shigongo yaliifanya hadithi ya kuendelea kuwa sababu ya mtu kununua gazeti kila wiki. Neno “itaendelea” lilikuwa tayari limezoeleka kabla simu haijaingia mfukoni.

Leo sehemu tatu au nne za mwanzo za hadithi hutolewa bure Facebook au kwenye kundi la WhatsApp. Penzi likishanoga, mwandishi anaweka namba ya kulipia. Hesabu yake iko hivi. Tuseme riwaya ya karatasi inauzwa shilingi 10,000. Mwenye duka akipewa punguzo la asilimia 30 anabaki na 3,000, mwandishi kwa mrabaha wa asilimia 10 anapata 1,000, na 6,000 zinabaki kwa karatasi, kiwanda, mhariri, usafiri na mchapishaji. Mwandishi huyo huyo akiuza hadithi simuni kwa 2,000, makato ya kutuma pesa yakitoka bado ana karibu mara mbili ya alichopata kwenye kitabu, na msomaji amelipa moja ya tano ya bei. Tena pesa inaingia siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo siwalaumu waandishi waliohama. Wachapishaji wetu walitegemea shule kwa muda mrefu mno, hata kazi ya vitabu vya kiada iliporudishwa Taasisi ya Elimu Tanzania wengi hawakuwa na soko la pili la kuangukia. Kinachonisikitisha ni hadithi yenyewe. Kila sehemu ikiwa ni mauzo, mwandishi hana haraka ya kufika mwisho: mchumba anapata ajali, anapoteza kumbukumbu, anazinduka, anapata ajali tena. Mhariri angekata hayo yote. Halafu kuna wizi. Mnunuzi mmoja akishapata faili, kabla ya jioni liko kwenye makundi kumi, na sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 haimfikii kwa wepesi huo.

Kano, kaskazini mwa Nigeria, walipita njia nyingine. Tangu miaka ya 1980 waandishi wa Kihausa, wengi wao wanawake kama Balaraba Ramat Yakubu, wamechapa riwaya za mapenzi kwenye karatasi rahisi, hadithi moja ikigawanywa vijitabu kadhaa, na kuziuza sokoni pamoja na bidhaa nyingine. Arusha ina maduka ya vifaa vya shule, stendi, na mabanda ya magazeti. Vijitabu vya namna hiyo vingeweza kuwekwa humo kwa mali kauli, muuzaji akalipa baada ya kuuza, hasa Desemba jua linapowaka, shule zimefungwa na mabasi ya Moshi yamejaa watu wanaokwenda kwao.

Na wasomaji wapo, nimewaona kwa macho yangu. Jumamosi moja katika saluni ya Kijenge, binti aliyekuwa akisubiri zamu aliwasomea wenzake hadithi kwa sauti kutoka kwenye simu. Wanawake watano wanasikiliza, mmoja kichwa kimesukwa nusu. Ilipofika pale mwanamume anabisha hodi kwao msichana, sehemu ya bure ikaisha. Wote walipiga kelele. Msusi akafuta mafuta mikononi, akaomba atajiwe namba, akalipia, na hakuna aliyelalamika kwamba kazi ilisimama.