Kwa nini tunasema bado «kampi»?

Muulize mutu wa Kamituga anaishi wapi. Mara nyingi atakujibu: «Niko ku kampi.» Baba yake alijibu vile, babu yake pia. Sisi wa sendika tunalisema kila siku, lakini tukiwa na karitasi mbele, lile neno linatuogopesha.

Lilitumika wakati wa Wabelgiji. Hapa Bukavu, ilipoitwa Costermansville, wazungu walikaa Ibanda kando ya ziwa. Weusi waliwekwa Kadutu, baadaye na Bagira. Kule kuliitwa cité. Kampi ilikuwa kitu kingine. Askari walikuwa na yao, na mpaka leo tunasema Kampi Saio, jina la vita vya Ethiopia vya 1941. Wafanyakazi wa migodi nao walipewa kampi. Askari na mchimbaji, neno moja! Na tangu 1994, wakimbizi walipojaa Inera na Kashusha, neno ni lile lile. Ni mahali ambapo mutu anawekwa, anahesabiwa, na siku moja anaambiwa atoke.

Ku cité mutu aliweza kutafuta nyumba yake. Ku kampi nyumba ilifuata kazi: kazi ikiisha, unarudisha funguo.

Sasa, mwaka 1976 kampuni za madini za Kivu na Maniema ziliungana kuwa SOMINKI. Mwaka 1997 ikafungwa. Kampuni ilikwenda, kampi zikabaki, na watu ndani. Bati zilizooza, ni familia zimezibadilisha. Vyumba vya nyuma, ni wao wamejenga. Lakini sheria ya 1973 inasema udongo ni wa Leta, na haki ya parseli inaonekana kwa certificat d'enregistrement. Ukiandika mwenyewe «ninaishi katika kampi ya kampuni», unakuwa umesaini kwamba wewe ni mgeni pale.

Tuliona hilo kwa mama mmoja mujane. Tulimsaidia kuandika barua kwa ofisi moja, na sisi wenyewe, kwa mazoea, tukatia «kampi» mara tatu. Walimjibu amtafute mwenye kampi. Amtafute wapi?

Barua ya pili aliisemesha yeye, sisi tukaandika tu: nyumba ya familia, avenue, namba, miaka ambayo wamekaa, na majina ya majirani wawili mashahidi. Kampi haimo. Jibu bado tunalingoja.