88888: Kosa Dogo Lililokula Benki

Akaunti namba 88888 ilifunguliwa Singapore mwanzoni mwa Julai 1992, katika tawi changa la benki ya Barings ya London. Namba ilichaguliwa kwa ajili ya bahati: kwa Wachina nane ni tarakimu ya heri, na kuiandika mara tano ni kuomba heri mara tano. Kazi yenyewe haikuwa na fahari yoyote. Lilikuwa kapu la makosa, mahali pa kuhifadhi miamala iliyoharibika mpaka irekebishwe: dalali amesikia vibaya katika kelele za soko, karani ameandika kuuza pale palipotakiwa kununua. Kila ofisi ya aina hiyo ina kapu kama hilo, na kwa kawaida halina cha kusimuliwa. Hili lilikuja kukutwa, miaka miwili na miezi saba baadaye, likiwa na shimo la pauni milioni 827. Benki iliyokuwa na umri wa miaka 233 ikafia humo.

Barings haikuwa benki ya uchochoroni. Ilianzishwa mwaka 1762, ikasaidia kupatikana kwa fedha ambazo Marekani iliilipa Ufaransa kununua Louisiana mwaka 1803, na miongoni mwa wateja wake alikuwamo Malkia Elizabeth. Nick Leeson aliingia humo mwaka 1989 kwa mlango wa nyuma, akiwa karani wa hesabu. Alikuwa kijana wa Watford, mtoto wa fundi wa kupiga lipu, na hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Alipata sifa mjini Jakarta, ambako alilikuta rundo la hati za hisa zisizojulikana ni za nani, akaketi nalo mpaka likapangika. Wakubwa walimwona ni mtu wa kumaliza matatizo. Walipotaka kufungua biashara katika soko la Singapore, wakamtuma yeye.

Kabla ya safari kulikuwa na fomu. Leeson aliomba leseni ya udalali London, na kwenye swali la kama mahakama imewahi kumwamuru alipe deni, alijibu hapana. Deni lilikuwapo, dogo tu, na wasimamizi waliliona. Barings iliondoa maombi kimyakimya. Singapore alijaza fomu nyingine, akatoa jibu lilelile, na safari hii benki haikumwambia mtu chochote. Leseni ikatoka.

Kule alipewa kazi mbili ambazo hazipewi mtu mmoja: kuongoza madalali sokoni, na kuongoza ofisi ya hesabu inayowakagua madalali haohao. Ilikuwa njia ya kubana matumizi. Kwa Kiswahili cha mtaani, fisi alikabidhiwa bucha, akapewa na daftari la kuandikia kilo zilizouzwa.

Biashara yenyewe si ngeni sana. Mkulima wa kahawa wa Kagera anaifahamu ndugu yake kwa jina la butura: kahawa inauzwa ikingali mtini, bei inakatwa leo kwa mzigo wa msimu ujao. Mikataba ya Singapore ilikuwa ya ukoo huo, ila kilichouzwa si kahawa bali kiwango cha Nikkei, kipimo cha bei za hisa za Tokyo. Aliyenunua mkataba alifaidi Nikkei ikipanda, aliyeuza alifaidi ikishuka. Tofauti kubwa na butura ni hii: soko huchukua dhamana, na kila jioni huhesabu upya. Bei ikikugeuka, unatakiwa kuongeza fedha papo hapo. Hakuna kusubiri mavuno ili ujulikane umekula hasara.

Kwa maelezo ya Leeson mwenyewe, mkasa ulianza Ijumaa moja ya Julai 1992. Msichana aliyekuwa mgeni kazini aliambiwa anunue mikataba 20. Yeye akauza 20. Kosa liligunduliwa jioni, wakati wa kufunga hesabu, na kulirekebisha kungegharimu pauni 20,000. Soko lilipofunguliwa wiki iliyofuata bei ilikuwa imepanda zaidi, na gharama ikafika 60,000. Utaratibu ulikuwa wazi: piga simu London, eleza, pokea karipio. Msichana angefukuzwa, na bosi wake angeonekana hajui kusimamia watu. Leeson aliiingiza hasara katika 88888, akanyamaza. (Haya ni masimulizi ya mtu aliyeishi kwa kudanganya, na ni vyema yashikwe kwa vidole viwili. Wachunguzi wa baadaye waliona kwamba akaunti ile ilitumika vibaya tangu ilipofunguliwa.)

Kunyamaza hakukutosha, kwa sababu kompyuta hazinyamazi. Kila siku taarifa za akaunti zote zilipelekwa London. Leeson alimwomba mtaalamu wa programu airekebishe mitambo ili namba ile isitokee katika taarifa hizo. Ilibaki katika taarifa moja tu, ile ya dhamana. Kwa hiyo 88888 ilisafiri kwenda makao makuu siku baada ya siku, bila kificho. Mtambo wa London haukuitambua, ukawa unaitupa pembeni pamoja na vitu vingine visivyo na mwenyewe, na hapakuwa na aliyekwenda kufungua jalada hilo aone kuna nini.

Mwisho wa 1992 kapu lilikuwa na hasara ya pauni milioni 2 hivi. Mwisho wa 1993, milioni 23. Mwisho wa 1994, milioni 208. Tarakimu hazikukua kwa sababu makarani waliendelea kukosea. Zilikua kwa sababu Leeson alijaribu kurudisha kilichopotea kwa dau kubwa kuliko lililopotea, kama mcheza kamari anayeamini kwamba meza inamdai. Mwenyewe anasimulia kwamba katikati ya 1993 alibahatika: soko lilimpendelea, akaunti ikarudi sifuri na chenji kidogo juu. Angeweza kuifunga siku hiyo na dunia isingemjua. Muda si mrefu kapu lilikuwa linajaa tena.

Sehemu inayochekesha, ukiweza kucheka, ni kwamba uongo huo ulimfanya nyota. Alikuwa akihamisha miamala kati ya akaunti za benki kwa bei za kutunga, kiasi kwamba faida ilionekana katika akaunti zinazosomwa London, na hasara ikamwagwa katika ile isiyosomwa. Faida aliyosifiwa nayo na hasara aliyoificha vilikuwa pande mbili za karatasi moja. Kadiri alivyoharibu ndivyo alivyong'aa. Kwa kazi ya mwaka 1994 alipendekezewa bonasi ya pauni 450,000.

London iliamini kwamba anafanya biashara isiyo na hatari: kununua Osaka na kuuza Singapore kitu kilekile, bei zikitofautiana kidogo, na kuchukua tofauti. Biashara ya namna hiyo huleta vijisenti vya uhakika, na haihitaji fedha nyingi kwa sababu upande mmoja huubeba wa pili. Ya Leeson ilileta mamilioni, na ilikunywa fedha kama mchanga unavyokunywa mvua. Alipiga simu kila mara akitaka dhamana zaidi, London ikatuma. Kufikia wiki ya mwisho kiasi kilichotumwa kilikuwa pauni milioni 742, kikiupita mtaji wote wa benki. Mkuu wa duka anayemwona muuzaji akiomba chenji kila saa huku akiripoti mauzo ya kuvunja rekodi angekwenda kuchungulia droo. Hapa bonasi za wakubwa nazo zilitoka katika faida ileile, na kuchungulia kulikuwa na gharama yake.

Nikolai Gogol aliiona hali hiyo mwaka 1836, katika mchezo ambao wasomaji wa Kiswahili wanaujua kama Mkaguzi Mkuu wa Serikali. Karani asiye na senti anadhaniwa ni mkaguzi, na viongozi wa mji wanaujenga uongo wenyewe, matofali kwa matofali, kwa kuwa kila mmoja ana sababu ya kuuamini. Methali inasema njia ya mwongo ni fupi. Ya Leeson ilirefushwa na waliokuwa wakimsikiliza.

Si kwamba hawakuambiwa. Agosti 1994 mkaguzi wa ndani alikwenda Singapore, akaandika kwamba si salama mtu mmoja kushika soko na vitabu, akapendekeza kazi zitenganishwe. Hazikutenganishwa. Januari 1995 uongozi wa soko la Singapore uliiandikia benki kuuliza juu ya upungufu wa dhamana, na ndani ya barua iliandikwa, kwa tarakimu zake tano, namba ya akaunti. Benki ilijibu kwa maneno ya kutuliza.

Kufikia wakati huo Leeson alikuwa amejifunga kwa njia nyingine. Alikuwa ameuza mikataba ya hiari ambayo humpa muuzaji fedha taslimu mara moja na kumwachia faida ikiwa soko litatulia; likiyumba sana upande wowote, anaumia. Aliweka dau, kwa maneno mengine, kwamba Japani haitapatwa na jambo. Alfajiri ya 17 Januari 1995 tetemeko la ardhi liliipiga Kobe na kuua zaidi ya watu 6,000. Jumatatu iliyofuata Nikkei ilianguka kwa zaidi ya pointi 1,000 kwa siku moja. Leeson alinunua. Alinunua kwa wingi uliolishangaza soko, akitumaini kuibeba Nikkei peke yake, kama mtu anayezuia gari lililokatika breki kwa kulisukuma kwa mgongo.

Katikati ya balaa hilo walifika wakaguzi wa hesabu za mwisho wa mwaka. Waliona kwenye vitabu deni la yen bilioni 7.78, kama pauni milioni 50, ambalo ilidaiwa kampuni moja ya New York ingelilipa. Fedha hizo hazikuwapo. Ziliandikwa kuziba pengo. Wakataka uthibitisho. Leeson alichukua mkasi na gundi, akakata saini kutoka barua halisi, akazibandika kwenye barua za kubuni, akazipitisha kwenye mashine ili mistari ya makato isionekane. Kisha akazituma ofisini kwa faksi, zionekane zimetoka nje. Alizituma kutoka nyumbani kwake. Mashine, kama ilivyo desturi ya faksi, ilipiga chapa juu ya karatasi jina la mtumaji, na mtumaji alisomeka kuwa ni yeye na mkewe. Barua ya kampuni ya New York, ikithibitisha deni la mamilioni, ilikuwa imetoka sebuleni kwa mshitakiwa wa baadaye. Wakaguzi waliipokea, wakairidhia, wakaendelea na kazi.

Ofisini aliendelea kufa na tai shingoni. Wenzake walimwona akitafuna kucha na kula peremende mfululizo, wakadhani ni mzigo wa mafanikio. Alhamisi ya 23 Februari alitoka, akaacha kikaratasi mezani cha kuomba radhi, akavuka kwenda Malaysia pamoja na mkewe. Ilikuwa siku mbili kabla ya kutimiza miaka 28. Wakubwa walipofungua madaftari wikiendi ile walihitaji muda kuamini kwamba akaunti wanayoisoma ni yao. Benki Kuu ya Uingereza ilitafuta wa kuiokoa, akakosekana, na Jumapili ya tarehe 26 Barings ikatangazwa mufilisi. Leeson alipata habari hizo akiwa ufukweni Kota Kinabalu. Alikuwa amejua kwamba ameharibu. Kwamba hakuna benki ya kurudi, hilo lilimfikia kupitia gazeti.

Alikamatwa Frankfurt tarehe 2 Machi, akarudishwa Singapore, na Desemba akahukumiwa kifungo cha miaka sita na nusu. Akiwa gereza la Changi aliugua saratani ya utumbo mpana. Aliachiwa Julai 1999, mwaka uleule ilipotoka filamu ya maisha yake, iliyoigizwa na Ewan McGregor.

Wapo waliomshinda. Mwaka huohuo wa 1995, Toshihide Iguchi wa benki ya Daiwa ya Japani, tawi la New York, aliwaandikia wakubwa wake barua ya kurasa 30 kukiri hasara ya dola bilioni 1.1 aliyoificha kwa zaidi ya miaka kumi. Ilikuwa imeanza na kiasi kidogo. Wakubwa walipoisoma, badala ya kutoa taarifa, walijiunga naye kuificha, na Daiwa ikafukuzwa Marekani. Katika tawi hilo hata kabla ya hapo, wakaguzi wa serikali walipokuja, chumba cha biashara kiliwahi kujazwa maboksi kionekane ni stoo. Naye Jérôme Kerviel wa Société Générale ya Ufaransa, aliyesababisha hasara ya yuro bilioni 4.9 mwaka 2008, miezi michache kabla alikuwa na tatizo la kinyume: alikuwa amepata faida ya yuro bilioni 1.4 kwa madau yasiyoruhusiwa, akalazimika kutunga miamala ya uongo ili aifiche faida, kwa kuwa asingeweza kueleza imetoka wapi.

Barings iliuzwa kwa ING ya Uholanzi kwa pauni 1, pamoja na madeni yake. Mwaka 2007 koti la sokoni lililoaminika kuwa la Leeson liliwekwa kwenye mnada wa mtandaoni. Halikufikia bei iliyotakiwa, ingawa mtu alifika pauni 16,100. Baadaye likauzwa kwa pauni 21,000. Miezi sita mbele likauzwa jingine la timu yake, ambalo ilidhaniwa yeye mwenyewe hakuwahi kulivaa. Hilo lilipata 4,000.